Televisheni ya Kusubiria

Msiniambie subira huvuta heri. Kwetu Koboko subira ilivuta televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, na televisheni ile ikamchukulia mama yangu kitu ambacho hakuna mtu aliyeweza kumrudishia. Nikisema hivyo wanangu wanacheka. Wanasema, mama, televisheni haina mikono. Nawaambia nyamazeni, hamkuwapo.

Nianze na baba. Alikuwa askari mstaafu, mtoto wa askari, mjukuu wa askari, kama Wanubi wengi wa Koboko na Arua. Baada ya jeshi alifungua duka la chumvi, sabuni na nguo, akanunua na lori kuukuu la kubebea tumbaku kutoka Omugo. Nyumbani tulisema Kinubi, lakini baba akikasirika Kinubi hakikumtosha. Alikamata Kiswahili cha kambini, kile cha amri, na hapo hata kuku walijua wajiondoe uani.

Alikuwa pia mtu wa kungojea kilicho bora. Wenzake wakinunua redio ndogo, yeye alingoja kubwa. Wakinunua baiskeli ya kawaida, yeye alingoja ya gia, akatembea kwa miguu mpaka viatu vikaisha. Televisheni zilipoanza kuonekana Arua kwenye nyumba za wakubwa, alikwenda kutazama kwa rafiki yake, akarudi anacheka. "Mutu analipa pesa kutazama majivu?" alisema. "Rangi inakuja. Mimi iko nangoja rangi." Aliambiwa na dereva mmoja kwamba Kampala wameanza kuzungumza habari za picha za rangi, basi, ikawa ndiyo dini yake. Kila aliyenunua nyeusi na nyeupe alimwita mjinga, tena mbele yake.

Mama alimsikiliza tu huku anasuka. Alikuwa fundi wa tabaga, vile vifuniko vya chakula tunavyosuka kwa ukindu uliotiwa rangi, na mikono yake haikujua kukaa bure. Mara nyingi alisema, "Ngojangoja yaumiza matumbo," na baba alijifanya hakusikia.

Kisha likaja jambo la kaka yangu.

Kaka alikuwa jeshini, mbali kusini, katika bendi. Alipiga tarumbeta. Alikuwa mtoto wa kiume pekee, na mama alimpenda kwa namna ambayo sitajisumbua kuieleza. Mwenye watoto anaijua. Baba alikuwa amemposea binti wa rafiki yake mwingine wa Arua, posa imekwenda, watu wamekula, siku inatafutwa. Siku wazee walipokusanyika kwetu kupanga harusi, akaingia askari mmoja aliyekuja likizo na salamu. Maskini, hakujua anaingia wapi. Akasema kwa furaha, kijana wenu anawasalimu sana, yeye na mkewe.

Mkewe! Alikuwa ameshaoa huko huko, kwa watu wasiojulikana, bila kumwambia baba yake hata neno.

Baba alisimama. Wazee wote wamekaa mikekani, mama yuko mlangoni na sinia ya chai, mimi nyuma yake na sukari. Alisema kwa Kiswahili cha kambini, sauti ya paredi: "Wote musikie! Huyu mutoto akitia muguu ndani ya nyumba yangu, ama wewe, mama yake, ukitia muguu kwake, ndoa yetu imekwisha. Talaka! Mungu iko shahidi na ninyi iko mashahidi."

Loo, mtu mzima! Hasira za dakika moja. Kwetu kiapo cha talaka si mchezo. Mwanamume akishakitoa mbele ya watu kimekwisha kufungwa, na kila mtu alijua habari za ndoa zilizokatika hivyo, mke anakusanya sufuria zake analia na mume naye analia. Wazee walitazama chini. Mama aliweka sinia, akammiminia kila mtu chai yake, kisha akaenda jikoni. Huko ndiko nilikomkuta amekaa chini na kanga mdomoni.

Tangu siku ile mlango wetu ulifungwa kwa mtoto wake, na mlango wa mtoto ukafungwa kwake. Basi la kwenda kusini lilipita kila asubuhi tunalisikia. Angeweza kupanda. Lakini angeshuka si mke wa mtu, naye alimpenda baba pia, na ndiyo shida ya dunia hii. Kaka alituma salamu kwa madereva kwa kujificha: mzima, anawasalimu. Hakuna zaidi. Dereva gani atasimama kueleza mambo mengi wakati mwenye kiapo yuko dukani hatua chache tu?

Nadhani baba alijuta kabla chai ile haijapoa. Alianza kuwa mpole, jambo ambalo halikumfaa hata kidogo. Alimletea mama nyama kila alipotoka Arua. Lakini kurudi mbele ya wazee walewale na kusema nimekosa, hilo lilimshinda. Nikimwambia, baba, si uulize hata kwa shehe, alinijibu, "Ngoja kwanza." Kwani kuuliza ni kuungama. Akangoja, maana kungoja ndiko alikokujua.

Macho ya mama hayakungoja. Alianza kukosea rangi katika ukindu, akaweka zambarau pahali pa nyeusi. Mwanzo tulimtania: "Mama, tabaga hii imelewa." Baadaye hatukutania tena. Siku moja alimwamkia dada mmoja wa jirani kwa jina la mwanamke aliyekufa zamani, na ndipo baba akawasha lori tukaenda naye hospitali Arua, watatu kwenye kiti cha mbele.

Daktari alimwashia kurunzi machoni kwa muda mrefu. Akauliza alizaliwa wapi. Mama akasema, karibu na mto. Daktari akasema ni wale inzi weusi wa mtoni, walimuuma tangu utoto, na vijidudu vyao vimekuwa vikila macho polepole miaka yote hiyo. Kuyarudisha haiwezekani. Wala hakujua yatabaki kwa muda gani. Kisha akasema kwa upole, na mpaka leo nampenda kwa upole ule ingawa ulitukata: "Kama kuna kitu unataka kukiona, mama, kione sasa."

Tulitoka. Tukapanda lori. Baba hakuliwasha. Sote tulijua mama anataka kumwona nani.

Mama ndiye aliyeanza. Alisema akitazama mbele, "Kiapo yako ilisema muguu. Haikusema macho."

"Namna gani?" baba akauliza.

"Siku ya uhuru bendi inatoka kwenye televisheni. Rafiki yako alituambia. Nipatie televisheni."

Baba alishika usukani kama mtu anayeogopa kuibiwa. Ningemwonea huruma kama nisingekuwa nimekasirika.

Kwenye duka moja la Arua walituonyesha mbili. Moja haikuwepo! Ndiyo, hiyo ndiyo biashara ya miaka ile: mwenye duka alituonyesha picha yake kwenye karatasi, kubwa, ya rangi, mwanamke ndani yake mashavu mekundu kama nyanya. Alisema mzigo uko njiani, labda mwezi ujao, labda baada ya mwezi mtukufu, na tena inataka umeme wa kweli, na bei yake aliitaja kwa sauti ndogo. Ya pili ilikuwa mezani. Ndogo, nyeusi na nyeupe, ina mpini wa kubebea, na inakubali betri ya gari. Koboko kwetu umeme haukuwepo, kwa hiyo hata mjinga angeona ipi inatufaa.

Lakini baba! Alirudi kwenye ile karatasi. Akaenda kwa ile ndogo. Akarudi kwenye karatasi. Watu wote aliowaita wajinga walikuwa wanapita kichwani mwake, nilikuwa nawaona. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia mlangoni, uso kwenye mwanga, anangoja.

"Heri kenda shika," mwenye duka akasema.

"Iko ya kusubiria tu," baba akamwambia, kwa ukali, kama vile mtu yule amemtukana. "Wewe sikia vizuri. Ya kusubiria. Rangi ikifika, mimi narudisha hii takataka."

Basi ikapata jina. Koboko nzima iliijua kwa jina hilo, na watoto walikuja mlangoni kuuliza, "Ya Kusubiria inawashwa leo?"

Kuiwasha kulikuwa kazi ya ukoo mzima. Betri ilifunguliwa kutoka kwenye lori, ikaletwa sebuleni na kuwekwa juu ya gunia ili isimwage tindikali kwenye mkeka. Antena ilifungwa kwenye mlingoti mrefu wa mkaratusi, na mtu mmoja akakaa uani kuuzungusha huku tukimpigia kelele dirishani: huku, rudi, huku, umepitiliza! Picha ilikuja na chenga nyingi, chenga kama mtu anapepeta unga mbele ya kioo. Kesho yake lori liligoma kuwaka na tukalisukuma hadi barabarani, majirani wakitucheka. Kwa picha moja, lori zima! Baba alisukuma bila kusema kitu.

Siku ya uhuru mama alivaa nguo ya Idi. Alipaka na wanja. Aliketi karibu na kioo hata pua ilikaribia kugusa, maana mbali hakuona. Wanajeshi wakapita, safu kwa safu, wote kijivu, wote sawa. Kisha bendi. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu kama mtu asiyehusika, mikono mgongoni, na ni yeye aliyepaza sauti kwanza.

"Yule! Yule! Ya tarumbeta, pembeni!"

"Wapi?" mama akalia. "Iko wapi?"

Baba akapiga magoti, yeye mwenyewe, akashika kidole cha mama na kukiweka kwenye kioo juu ya kijana mmoja mrefu, mwembamba, mashavu yamejaa pumzi. Sote tukatazama. Mabega ya kaka. Shingo ya kaka. Mimi nikasema ndiyo. Jirani akasema ndiyo. Nani angesema hapana? Kidole cha mama kilimfuata kijana yule mpaka pembe ya kioo, akatoweka.

"Amekonda," mama alisema. Kisha akalia kwa furaha, na baba akatoka uani kwenda kuzungumza na lori.

Ikawa desturi. Kila sherehe ya taifa betri inafunguliwa, mama anavaa, bendi inapita, kidole kwenye kioo. Siku nyingine kamera haikufika upande wake na mama alikataa chakula. Siku nyingine ilimwonyesha karibu, uso wote, hata ukaona kovu dogo juu ya nyusi, na mama akasema, "Hilo kovu kalipata wapi? Nani amempiga?" akahangaika juma zima. Alimsemesha. Alimwambia jifunge kifungo. Alimwombea dua palepale, viganja wazi mbele ya chenga.

Mchuuzi mmoja alituuzia karatasi ya plastiki ya kubandika kwenye kioo, juu buluu, katikati nyekundu, chini kijani, eti ikigeuze kuwa cha rangi. Baba aliipenda sana! Askari wote wakawa na vichwa vya buluu na miguu ya kijani kama wametoka kwenye matope. Mama akasema, "Toa. Inanifunikia mutoto." Ikatolewa.

Rangi yenyewe ilifika Kampala, kama dereva alivyosema, kisha tukasikia imefika hata kwa mtu mmoja Arua. Sasa baba akawa anasema bei itashuka. Akasema mama ataona vizuri zaidi rangi ikija, uso utakuwa uso kweli. Nami, kusema haki, na mimi nilitamani. Sote tulianza kuzungumza habari za rangi kana kwamba ndiyo inayomzuia kaka kuja nyumbani. Hakuna aliyezungumza tena juu ya kiapo. Tumemwona, si ndiyo? Yu mzima, amenenepa kidogo, ana tarumbeta yake. Hata zile salamu za kujificha mama aliacha kuzihangaikia. Dereva akisema mzima, mama alimjibu, "Najua. Nilimwona."

Hilo ndilo linalonichoma. Isingekuwa televisheni ile, mama angelia kila siku, na baba hangeweza kuvumilia kilio kile mwaka mzima, namjua baba yangu. Angekwenda kwa shehe akitambaa. Lakini tulipata cha kutupoza, na tulipopoa tukakaa.

Macho yakazidi kufifia. Katika sherehe za mwisho tulizotazama, mama aliona mwanga tu unaotembea. Baba bado alishika kidole chake na kukiweka kwenye kioo. "Huyu hapa," alimwambia. "Leo iko anacheka." Mama alitabasamu upande ule.

Vita vilipofika upande wetu, mwaka wa sabini na tisa, tuliondoka kama kila mtu. Lori liliwaka mara moja siku hiyo, sijui liliogopa nini. Tulivuka mpaka kuingia Sudani na magodoro na mbuzi wa jirani, tukajenga kibanda cha nyasi pamoja na watu wengine wengi. Televisheni ilibaki mezani Koboko. Hata baba hakugeuka kuitazama.

Na huko, kabla mvua hazijatulia, kaka akatupata.

Alikuwa amekuja kwa miguu, shati la raia, amekonda kweli sasa. Alikuwa na mke wake, mwanamke mnyamavu mwenye mtoto mgongoni. Alisimama nje ya kibanda, mbali kidogo, kwenye matope. Hakuingia. Alikuwa anakijua kiapo kuliko sisi. "Baba," aliita, "shikamoo. Mimi hapa."

Ndani, mama alisimama na kugonga nguzo kwa kichwa. Alikuwa anatafuta mlango kwa mikono. Baba alimshika mabega, akamzuia. Sijapata kuona uso kama ule wa baba. Miaka yote ile, na mwanawe yuko hatua tatu, na neno lake mwenyewe limelala mlangoni.

"Mwite shehe," aliniambia. Hakusema ngoja.

Shehe alikuwa mkimbizi kama sisi, anaishi kibanda cha nne kutoka chetu. Alikuja na kiatu kimoja. Baba alimweleza yote, mbele ya watu waliojaa pale, tena kwa Kinubi, sauti ndogo. Shehe akamuuliza jambo moja tu: siku ile, moyoni mwako, ulitaka kumwacha mkeo, au ulitaka kumzuia mtoto?

"Kuzuia," baba akasema. "Kumwacha huyu? Hapana, hata siku moja."

"Basi hicho ni kiapo kama viapo vingine," shehe akasema. "Lisha maskini kumi, mlango wako ufunguke."

"Ni hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Baba alikaa chini palepale. Watu walidhani amezidiwa na jua.

Tulipika maharage na unga wa msaada. Maskini hawakuwa mbali. Mtu alinyoosha mkono tu. Shehe mwenyewe alikuwa mmoja wao. Walipomaliza kulamba sahani, kaka akaingia, akapiga magoti, na mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakinusa kama kichwa cha mtoto mchanga. Sote tulilia, hata yule mkewe ambaye hatukuwa tumemsalimu bado.

Mama ndiye aliyetulia kwanza. Alipitisha vidole kwenye paji la uso wa kaka, juu ya nyusi moja, juu ya nyusi nyingine, akarudia. "Kovu limepona," alisema.

"Kovu gani, mama?"

"Lile tuliloliona. Ulipokuwa unapiga tarumbeta siku ya uhuru."

Kaka alitutazama. "Mimi niliondolewa kwenye bendi zamani," alisema. "Mwaka uleule niliooa. Walinipeleka Moroto, kuendesha malori. Mliniona wapi?"

Nilimtazama baba, na baba akawa anaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikishika kidole cha mama. Nje watu bado wanashukuru kwa chakula.

Nikaharakisha kusema, maana mimi siwezi kimya. Nikasema, mama, usijali, ngoja nikueleze alivyo. Nikaanza: paji lake pana, ameota mvi hapa, meno ni yaleyale, anafanana na baba akiwa amechoka. Mama alisikiliza akitikisa kichwa, mkono wake bado shavuni mwa kaka. Kisha akaniambia basi, acha.

"Nakusikia," alisema. "Lakini yule mwingine haondoki. Nikishika huyu, naona yule."

Aliishi miaka mingine mingi baada ya hapo, na kaka alikaa naye mpaka mwisho, akimlisha, akimwosha miguu, akimtoa nje kwenye jua la asubuhi. Nilimuuliza mara moja tu, karibu na kufa kwake, kama uso wa mwanawe ulikuwa umemrudia. Akasema hapana. Akasema kila akinyanyua viganja kumwombea kaka, anayekuja ni mtoto wa watu, mashavu yamejaa pumzi, na kwamba alikuwa ameshazoea kuwaombea wote wawili.